Spea za gari la zamani Arusha na Moshi: nunua mara moja

Kwa mwenye Corolla 110, Noah ya SR40, RAV4 ya miaka ya 1990, Escudo, Hilux ya injini ya 3L au Land Cruiser mkonga, spea si adimu huku kaskazini. Kinachomaliza pesa ni kununua kitu kimoja mara mbili: cha kwanza hakiingii, cha pili kinaingia lakini kinakufa kabla ya mwezi, na kila mara fundi analipwa upya. Kazi kubwa basi inafanyika kabla hujafika dukani, ukiwa na simu, tochi na kitambaa cha kufutia vumbi.

Hatua ya 1: Jua kilichokufa

"Gari linachemsha" si jina la spea. Kabla ya kuuliza bei ya rejeta au gasketi ya silinda hedi, angalia kifuniko cha rejeta. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria iliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 kikiwa kizima, kinabana presha mpaka maji yavumilie karibu nyuzi 115. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, gari litachemsha likipanda Ngaramtoni au Kibosho hata kama rejeta ni mpya. Hakuna spea ya bei ndogo kuliko hiyo kwenye mfumo mzima wa maji, na ndiyo watu hubadilisha mwisho. Kikague injini ikiwa imepoa.

Chaji nayo ni hivyo hivyo. Injini ikiwa inaunguruma, mita ikisoma volti 13.5 hadi 14.5 kwenye betri, altaneta ni nzima na tatizo ni betri au nyaya. Ikisoma 12 na kushuka, angalia belti na fyuzi kwanza. Zikiwa sawa, mara nyingi kilichoisha ni kaboni za ndani, ambazo fundi umeme anabadilisha kwa sehemu ndogo ya bei ya altaneta nzima.

Mlio wa "ko ko ko" kwenye mashimo madogo, watu wengi hukimbilia shokapu. Inua gari, shika stablaiza linki (kifimbo kifupi kinachounga nondo ya stablaiza na mguu wa gari) kwa mkono, itikise. Ikicheza, umepata jibu. Shokapu iliyokufa kwa kawaida huliacha gari likidunda baada ya tuta, na mara nyingi imelowa oili ubavuni.

Hatua ya 2: Soma gari, usisome jina

Muuzaji mzuri akisikia "Noah" atakuuliza, "Noah ipi?" Anayo sababu. Kuna SR40 ya petroli yenye injini ya 3S-FE, kuna CR40 ya dizeli, na kuna AZR60 iliyoanza mwaka 2001, ambayo ni gari jingine kabisa. RAV4 ya SXA10 na ya ACA21 nazo zinagawana jina tu.

Fungua boneti utafute kibati cha chuma, kwa Toyota nyingi za Japani kipo kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kifute, kipige picha. Humo kuna modeli kamili, injini, namba ya chesisi, msimbo wa rangi na mstari wa TRANS/AXLE unaotaja gia boksi na difu. Herufi zinazofuata kistari kwenye modeli ndizo zinazotofautisha bodi, gia na daraja la gari, kwa hiyo usiandike nusu. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile namba ya herufi na tarakimu 17. Lina chesisi fupi, modeli ikifuatwa na tarakimu, mfano AE110 kisha kistari na namba. Katalogi ya magari ya Ulaya haitaitambua.

Halafu linganisha namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku na ile ya kwenye kadi. Magari mengi ya umri huu yalishabadilishwa injini, na mwenye gari wa tatu au wa nne hajui. Hapo spea za bodi na miguu zitafuata chesisi, za injini zitafuata injini iliyomo.

Hatua ya 3: Pata namba ya spea

Katalogi za Toyota, Nissan na Suzuki zinapatikana bure mtandaoni. Unaingiza chesisi, unafungua mchoro, unachukua namba. Ya Toyota ina tarakimu au herufi kumi, tano kabla ya kistari na tano baada. Tano za kwanza zinataja aina ya kitu: 04465 ni pedi za breki za mbele, 04495 shuu za nyuma, 45046 tairodi endi, 43330 boljointi ya chini, 48820 stablaiza linki, 16100 wota pampu, 16400 rejeta, 31250 klachi pleti, 13568 taimingi belti. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya gari gani. Muuzaji akikuonyesha boksi lenye tano za kwanza sawa na za mwisho tofauti, usikatae papo hapo: namba hubadilishwa na mpya, na katalogi huonyesha ipi imeirithi ipi. Lakini bila ushahidi huo, "inaingia tu hii" si jibu.

Namba ina faida nyingine inayogusa mfuko moja kwa moja: inakuonyesha spea yako iko kwenye magari gani mengine. Injini ya 1NZ-FE imo kwenye IST, Probox, Spacio na Corolla ya NZE121. Ya 3S-FE imo kwenye Noah ya SR40, RAV4 ya SXA10, Ipsum na Premio ya ST210. Ukiulizia wota pampu ya "Ipsum" unaweza kuambiwa haipo, wakati duka hilohilo limejaza ile ile kwa ajili ya Noah. Probox kwa sababu ya kubebeshwa mizigo na abiria kila siku, spea zake huwa nyingi na za ushindani. Mwenye IST anufaike.

Land Rover zina mtindo wao, herufi tatu kama STC, ERR au RTC zikifuatwa na tarakimu. Arusha ni mji wa magari ya utalii, hivyo spea za Defender na za Land Cruiser yenye injini ya 1HZ hazikusumbui kuzipata. Shida ni msimu: masika, watalii wakipungua, kampuni nyingi huingiza magari gereji kwa pamoja. Kama kazi yako inaweza kungoja, usiipeleke Aprili.

Hatua ya 4: Amua daraja kabla ya kuuliza bei

Dukani kuna madaraja manne. Kuna orijino ya boksi la mtengeneza gari. Kuna ya kiwanda kinachomtengenezea huyo huyo, ila kwenye boksi lake: Aisin kwa wota pampu na klachi, Denso na NGK kwa plagi, KYB kwa shokapu, Koyo, NSK na NTN kwa beringi. Kuna kopi, na kuna mtumba wa Japani. Daraja la pili ndilo linalostahili pesa ya mwenye gari la zamani, kwa kuwa mara nyingi ni kitu kile kile bila bei ya jina.

Kopi si haramu. Kioo cha pembeni, kava la taa ya nyuma, mpira wa mlango, kishikio, nunua kopi ulale salama. Kwenye miguu ya gari piga hesabu. Tuseme boljointi ya kopi ni shilingi 25,000, ya Japani 60,000, na ufundi 20,000. Kopi ikifungwa mara mbili umetoa 90,000. Ya Japani mara moja ni 80,000. Hapo hujahesabu alaimenti.

Mtumba usiununue kabisa kwa vitu hivi: pedi na shuu za breki, hozi za breki, taimingi belti, wota pampu, themostati, sili, klachi pleti, boljointi na tairodi endi. Ni vitu vinavyoisha kwa matumizi au kwa umri, na huwezi kuona kimebakiza nini. Mtumba unafaa kwa injini, gia boksi, altaneta, stata, rejeta, taa, milango, boneti, vioo na draivu shafti.

Kuhusu feki, boksi halikusaidii sana, maana boksi ndilo linaloigwa vizuri. Angalia kitu chenyewe. Beringi halali ina namba na jina vilivyochorwa kwenye chuma, vyembamba na vilivyonyooka, si wino unaofutika kwa kucha. Plagi ya iridiamu ina ncha nyembamba kama sindano. Ikiwa nene kama ya kawaida, umeuziwa maandishi. Pedi ya breki ikichujuka unga kingoni unapoikwaruza na ukucha, irudishe kwenye kaunta. Chapa ya 555 ya spea za miguu inapendwa sana, na kwa sababu hiyo hiyo inaigwa sana: angalia chapa kwenye chuma chenyewe, mpira unaokaa vizuri na grisi isiyovuja.

Hatua ya 5: Vingine nunua kwa kipimo, si kwa jina la gari

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa na ndipo wachache hufika. Beringi, sili na belti ni bidhaa za vipimo vya dunia nzima. Ukisema "beringi ya altaneta ya RAV4" unalipia RAV4. Ukitoa beringi ya zamani ukasoma 6203, unajua ni milimita 17 ndani, 40 nje, 12 unene, na duka lolote la beringi linayo, liwe la mashine za kusaga au la pampu za maji. 6303 ni 17, 47, 14. Zinafanana kwa macho lakini hazibadilishani. Baada ya namba tafuta 2RS, maana yake ina mpira pande zote mbili. Kwa vumbi la huku usikubali iliyo wazi.

Sili ina vipimo vitatu vilivyogongwa kwenye mpira: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje, unene. Belti ya mifereji iliyoandikwa 4PK890 ina mifereji minne na urefu wa milimita 890. Ikiwa maandishi yamefutika, izungushie uzi upande wa nje kisha upime uzi. Tofauti ya milimita 5 hivi kwa kawaida inamezwa na ajasta. Ya 20 itakupa belti inayolia au isiyoingia.

Fikiria pia kutengeneza badala ya kubadilisha. Lowa amu (mkono wa chini unaoshika mguu wa gari) isiyopinda haihitaji kutupwa kwa sababu bushi imekatika. Bushi mpya inaingizwa kwa presi. Silinda ya breki isiyo na kutu ndani inafufuliwa kwa seti ya mipira. Diski yenye mikwaruzo inachongwa, ila soma kwanza MIN TH iliyogongwa juu yake: ikishachongwa chini ya hapo itapata moto haraka na kupinda, na huku kwenye miteremko ya mlimani si mahali pa kulijaribu hilo.

Hatua ya 6: Uliza bei kwa mpangilio

Tuma namba ya spea na picha ya kibati kwa maduka matatu kwa WhatsApp, uulize mambo matatu: bei, chapa, na kama inarudishwa isipoingia. Usitume "nahitaji shokapu za Corolla", utapewa bei tatu za vitu vitatu tofauti halafu uchague ya chini.

Suala la fundi tuliseme wazi. Fundi akienda dukani peke yake, mara nyingi bei ina cha juu chake. Si wizi machoni pake, ni sehemu ya ujira, hasa kama ulimkaba kwenye ufundi. Njia safi ni kumlipa ufundi unaotosha, kununua mwenyewe, na kwenda naye kama mkaguzi. Ukimnyima vyote viwili, atapata chake mahali usipopaona.

Beba spea ya zamani hata kama unayo namba. Ziweke mbili sambamba kwenye kaunta: hesabu meno, pima nyuzi za bolti, linganisha soketi ya umeme. Dai risiti ya EFD. Bila risiti huna pa kusimamia ukirudi, na kwa mtumba ndiyo kinga yako kama kitu kilitokana na wizi. Saiti mira au redio yenye nyaya zilizokatwa kwa kisu, bei ya kutupa na muuzaji asiye na meza, achana nayo.

Hatua ya 7: Kagua mtumba kitu kwa kitu

Stata na altaneta zijaribiwe hapo hapo kwenye betri ya duka. Zungusha puli kwa mkono usikilize beringi. Hesabu mifereji ya puli na pini za soketi. Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani nyingi zina stata ya volti 24, za soko la nje zina 12. Soma kibandiko kabla hujalipa, maana kwa umbo unaweza usione tofauti.

Rejeta: ya gari la otomatiki ina vipaipu viwili vya ziada vya kupozea oili ya gia. Ya manyuo haina, hivyo usiifunge kwenye otomatiki. Chungulia ndani, ukiona tope la kahawia, iache.

Draivu shafti: hesabu meno ya ncha zote mbili, angalia kama yako ina ringi ya ABS, kisha kunja jointi na kuizungusha. Ikikwaruza, inakuja na mlio wake ule ule unaoukimbia.

Taa: kwenye kioo kuna jina la kiwanda, Koito, Stanley au Ichikoh, na namba yenye kistari. Linganisha na ya kwako, kwani taa za kabla na baada ya kubadilishwa sura ya gari zinafanana mpaka unapozifunga. Kuwa macho na za Dubai: gari la usukani wa kushoto lina taa zinazomulika kulia, na kwetu tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara zitampiga machoni anayekuja. Reki ya usukani na mitambo ya waipa ya magari hayo nayo imegeuzwa.

Injini: fungua kifuniko cha oili. Tope jeusi linasema haikubadilishiwa oili, rangi ya maziwa inasema maji yameingia. Zungusha kranki kwa spana duru mbili kamili. Kwa petroli za Toyota omba kipimo cha kompresheni: silinda iliyo chini ya kilo 10 kwa sentimita ya mraba ikatae, na zisipishane zaidi ya kilo 1. Nunua ikiwa na manifoldi, sensa, altaneta na nyaya zake. Ukizinunua moja moja baadaye, bei ya "injini tupu" haitakuwa nafuu tena. Chukua karatasi za kuingizwa nchini, kwa sababu namba ya injini iko kwenye kadi na mabadiliko lazima yapelekwe TRA.

Hatua ya 8: Ikikosekana huku

Anayeishi Moshi ajaribu Arusha kwanza, ni kama kilomita 80. Baada ya hapo ni Dar es Salaam: Gerezani, Kariakoo, kwa spea mpya, na Shaurimoyo, Ilala, kwa mtumba. Mtu unayemwamini aende dukani. Winga wa barabarani anakupeleka penye kamisheni yake. Omba picha ya kitu chenyewe na namba yake, si picha ya mtandaoni, kisha video stata ikizunguka. Mzigo upande basi la usiku, upewe namba ya parseli. Vioo na taa vifungwe kwenye godoro kuukuu na kuandikwa, ingawa maandishi peke yake hayazuii gunia la mchele kukaa juu.

Nairobi, Kirinyaga Road ina spea nyingi, na Namanga na Holili viko karibu. Lakini spea ya Japani haigeuki bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kupita Nairobi. Ushuru wake unabaki pale pale. Ihesabu pamoja na nauli kabla ya kusema ni nafuu, na iorodheshwe mpakani.

Hatua ya 9: Usiiue siku ya kuifunga

Spea nyingi zinazoitwa feki ziliuliwa na ufungaji. Bushi za lowa amu zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira unajipinda gari linaposhuka na unabaki umepinda maisha yake yote, hadi unachanika baada ya miezi michache. Bolti ziwekwe bila kukazwa, gari lishuke, litikiswe, ndipo zikazwe.

Shokapu mpya isimamishwe wima na kusukumwa mara tano au sita kabla ya kufungwa ili hewa itoke ndani, na fimbo yake isishikwe na koleo: mkwaruzo mmoja unakata sili. Funga mbili kwa pamoja, kulia na kushoto. Taimingi belti ibadilishwe na beringi zake za kukazia, kwa kuwa ikigoma beringi, inaondoka na belti. Kwenye 1HZ, belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika vali zinagonga pistoni.

Spea uliyonunua itie alama ya rangi mahali pa siri kabla ya kumkabidhi fundi, na ile iliyotoka aikabidhi mkononi mwako, chafu hivyo hivyo. Isafishe namba yake, ipige picha, uihifadhi kwenye simu pamoja na tarehe na kilomita.